Istilahi za Sarufi Mbele ya Lugha za Jamii ya Munda

Istilahi za sarufi hupimwa vema zaidi zinapotumiwa kueleza lugha isiyofanana na Kiswahili. Zikitumika kwa Kiswahili peke yake kasoro zake hazionekani, kwa kuwa msomaji anaijua lugha yenyewe na hujisahihishia moyoni. Lakini mfasiri aandikaye juu ya lugha ambayo msomaji wake hajapata kuisikia hana msaada mwingine ila istilahi. Katika makala haya tunakusudia kuzipima baadhi ya istilahi zetu kwa lugha za jamii ya Munda, zisemwazo nchini India, hasa katika majimbo ya Jharkhand, Odisha, West Bengal, Madhya Pradesh na Maharashtra. Majirani zake ni Kihindi, Kibengali na Kitelugu, lakini kwa asili hazihusiani nazo. Wanaisimu huziweka katika ukoo wa Kiaustroasia, pamoja na Kivietnam na Kikhmer cha Kambodia.

Hatuna budi kuanza na jina lenyewe. Kwa kanuni yetu ya kawaida, lugha ya Wamunda ingeitwa Kimunda. Lakini Munda ni jina la watu na pia ni jina la jamii nzima ya lugha, na lugha ya watu hao yaitwa Mundari. Mfasiri akiandika "Kimunda" hatujui kama anasema juu ya lugha moja au juu ya zaidi ya kumi. Twapendekeza lugha moja iitwe Kimundari, na jamii iitwe lugha za jamii ya Munda. Wenzake Kimundari ni Kiho, Kikharia, Kikorku, Kisora, na Kisantali, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote: sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji wake zaidi ya milioni 7.3.

Sasa tuje kwenye istilahi inayotutia mashaka kuliko nyingine, nayo ni *kiambishi kati*. Katika madarasa yetu mengi mwanafunzi hupewa neno *alimpiga* akaambiwa kwamba *a-* ni kiambishi awali, *-li-* na *-m-* ni viambishi kati, na *-a* ni kiambishi tamati. Mgawanyo huu waonekana kuwa wa haki, maana *-li-* na *-m-* kweli zimo katikati ya neno. Tazama basi Kimundari. *Dal* ni "kupiga". "Kupigana" ni *dapal*. Kiswahili huufuatishia mzizi *pig-* kiambishi *-an-*, na mzizi wenyewe hubaki mzima. Kimundari huupasua mzizi na kupachika *-p-* ndani yake, pamoja na irabu inayorudia ile ya kwanza. Vivyo hivyo *marang'* ni "kubwa", na *maparang'* ni "kubwa sana".

Kiambishi kingine cha namna hiyo ni *-n-*, nacho ndicho kitakachowapendeza zaidi wenzetu wanaobuni istilahi. *Dub* ni "kuketi". *Dunub* ni kikao, mkutano. *Ol* ni "kuandika". *Onol* ni maandishi. Pale ambapo sisi tungetoa *mwandiko* au *maandishi* kwa kuongeza kitu mbele na nyuma ya mzizi, wao huufungua mzizi na kuufunga tena. Wasantali nao wana njia hiyo hiyo. Pandit Raghunath Murmu, aliyebuni hati ya Kisantali iitwayo Ol Chiki mwaka 1925, aliandika pia kitabu cha sarufi kiitwacho *Ronor*, neno litokanalo na *ror*, "kusema". Yaani hata jina la sarufi limezaliwa na kanuni ya sarufi hiyo. Kisantali kilipoingizwa mwaka 2003 katika orodha ya lugha zilizotajwa na katiba ya India, wasemaji wake hawakuwa watu wasio na nyenzo za kuundia maneno.

Turudi darasani. Mwalimu aliyekwisha kuwafundisha wanafunzi wake kwamba *-li-* ni kiambishi kati atawaelezaje *-p-* ya *dapal*? Istilahi moja itakuwa imebeba mambo mawili: kitu kikaacho kati ya viambishi vingine kabla ya mzizi, na kitu kikaacho ndani ya mzizi wenyewe. Kwa maoni yetu jambo la pili ndilo linalostahili jina hilo. *-li-* na *-m-*, zikiwa mbele ya mzizi, ni viambishi awali, na hakuna dhara neno moja likiwa na viambishi awali vitatu au vinne. Vikihitaji kutofautishwa, viitwe kwa kazi zake, kiambishi cha wakati na kiambishi cha mtendwa. Tukikubali hivyo, itatupasa pia kukubali kwamba mizizi ya Kiswahili haina desturi ya kupasuliwa. Wako watakaosikitika kwamba mitihani ya miaka mingi itakuwa imekosea, lakini mtihani si hoja.

Suala la pili ni la hesabu. Lugha hizi zina umoja, uwili na wingi. *Seta* ni mbwa mmoja, *setaking'* ni mbwa wawili, *setako* ni mbwa zaidi ya hapo. Waliosoma sarufi ya Kiarabu wanaijua hali hii kwa jina la *muthana*, lakini *uwili* yatosha, nayo yakaa vizuri pamoja na *umoja* na *wingi*.

Ugumu umo katika nafsi ya kwanza. Kwa "sisi" yetu moja Kimundari kina maneno manne: *alang'*, mimi na wewe, *aling'*, mimi na mwenzangu mwingine, wewe humo, *abu*, sisi sote pamoja nawe, *ale*, sisi bila wewe. Hili si pambo. Tangazo la Kiswahili lisemalo "tumechagua kamati yetu" haliwezi kupelekwa katika Kimundari mpaka mfasiri aulize kama wasomaji wa tangazo ni miongoni mwa wachaguzi. Kwa kuwa mtumishi wa serikali aliyeliandika huenda hakuwahi kujiuliza swali hilo, jibu litamgharimu. (Na "sisi" ya makala haya je? Pale tuliposema "madarasa yetu" ilikuwa *abu*. Pale tuliposema "kwa maoni yetu" ilikuwa *ale*.) Kwa istilahi, wengine wangependa "sisi ya kujumuisha" na "sisi ya kubagua". *Kujumuisha* ni sawa. Lakini *kubagua* limekwisha kuchukua harufu ya ubaguzi, na *ale* haina uovu wowote. Afadhali *sisi ya kutenga*.

Juu ya uhai tutasema machache, kwa sababu hapa Kiswahili kimemtayarisha msomaji. Sisi husema *kifaru anakimbia*, wala si *kinakimbia*. Uhai hushinda umbo la jina. Katika Kisantali pia upatanisho hufuata uhai, ila jua, mwezi na nyota huhesabiwa upande wa vyenye uhai. Mfasiri asiandike kwamba Wasantali "huamini" jua ni kiumbe hai; huenda wakaamini au wasiamini, sarufi haitoi ushahidi huo. Aandike *uhai wa kisarufi*.

Limebaki suala la aina za maneno, ambalo limewashughulisha wanaisimu kwa zaidi ya miaka mia. John Hoffmann, padre Mjesuiti kutoka Ujerumani, alichapisha sarufi yake ya Kimundari mwaka 1903. Humo alieleza kwamba neno lile lile la lugha hii, bila kubadilika umbo, laweza kufanya kazi ya jina, ya kitenzi, ya kivumishi na nyinginezo, hata mgawanyo uliozoeleka katika sarufi ya Kilatini haulifai. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni *buru*, "mlima". Katika sentensi *saanko burukeda* neno hilo hilo limevikwa viambishi vya wakati uliopita, na maana yake ni "walilundika kuni". Msomaji asidanganywe na *-ko* iliyoshikamana na *saan*, "kuni": siyo ile ya wingi tuliyoiona katika *setako*, bali ni "wao", yaani wale waliolundika. Kipatanishi cha mtenda, ambacho sisi hukiweka mwanzoni mwa kitenzi, katika Kimundari huegemea neno linalotangulia kitenzi.

Je, *buru* ni jina au ni kitenzi? Mwaka 2005 Nicholas Evans na Toshiki Osada walitoa makala ya kupinga wazo kwamba Kimundari hakina aina za maneno. Hoja yao moja ni kwamba maana ya *buru* inapofanya kazi ya kitenzi haikisiki: aliyejua "mlima" asingeweza kujua kwamba itakuwa "kulundika", na siyo, kwa mfano, "kupanda" au "kuinuka". Basi ni maneno mawili yenye umbo moja, au neno lililohama aina. John Peterson, mtafiti wa Kikharia, hakukubali, na kwa lugha hiyo yeye hushikilia kwamba mgawanyo wa jina na kitenzi haumo katika msamiati.

Hatukusudii kuamua kesi hiyo. Lakini mtu hawezi hata kuisimulia kwa Kiswahili kama hatofautishi *kitenzi* na *kiarifu*. Kitenzi ni aina ya neno, kiarifu ni kazi yake katika sentensi. Wote wanakubali kwamba *buru* yaweza kuwa kiarifu. Ubishi ni kama kwa kufanya hivyo imekuwa kitenzi. Katika vitabu vyetu vingi maneno haya mawili hubadilishana nafasi bila kujali, kwa kuwa katika Kiswahili kiarifu kwa kawaida hujengwa juu ya kitenzi. Mwenye kutunga orodha ya maneno ya Kimundari kwa Kiswahili asitie alama ya J wala ya T mbele ya neno la namna hii. Aandike tu: *buru*, mlima, ikiwa kiarifu, kulundika.