Foleni ya Malaba: Washa Hita Uiokoe Injini

Januari 2022, Uganda ilipotaka madereva wa malori wapimwe Korona mpakani Malaba, foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita. Foleni za kawaida ni fupi, lakini jua la Kocholia halina huruma, na baba aliyebeba watoto hukimbilia swichi ya kiyoyozi.

Je, msomaji, baridi hiyo hutoka wapi? Kompresa huzungushwa na mkanda wa injini, nayo huikandamiza gesi. Joto lililotolewa ndani ya gari hutupwa nje kupitia mabomba membamba yaliyo mbele ya rejeta. Gari likisimama bila upepo, rejeta hupokea hewa iliyokwisha kupata moto, na mshale wa joto huanza kupanda.

Hapo fanya jambo litakalowashangaza abiria: zima kiyoyozi, fungua madirisha, geuza swichi hadi kwenye nyekundu, feni mwisho. Hita haina moto wake. Ni rejeta ndogo nyuma ya deshibodi, inayopitiwa na maji yale yale ya injini. Joto linalowapiga magotini limetoka kwenye injini. Mtatokwa jasho, naam, lakini ni nafuu kuliko kununua silinda hedi. Mshale usiposhuka, egesha kando, zima injini, na usifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa.

Kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari? Huzuia moshi wa malori. Kisiachwe muda mrefu: hewa mliyokwisha kuivuta huwarudia, vioo huingia ukungu na dereva husinzia.