MASOMO NA UTAFITI WA ULEMAVU: NI NANI ATAENDA?

Sensa ya mwaka 2009 ilipata Wakenya kama milioni 1.3 wenye ulemavu, yaani 3.5 kwa kila mia. Ile ya 2019 ikapata karibu laki 9, yaani 2.2 kwa kila mia. Je, watu walipona? La, maswali ndiyo yaliyobadilika. Mwaka 2009 watu waliulizwa aina ya ulemavu. Mwaka 2019 waliulizwa kiasi cha ugumu walio nao katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Aliyejibu "ugumu kidogo" hakuingia katika ile hesabu, wala mtoto wa chini ya miaka 5. Na mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma, huyo hakuna karani atakayemwona.

Yatuhusu nini?

Yatuhusu kwa sababu mipango ya serikali hufuata hesabu. Asiyehesabiwa hapangiwi mwalimu wala kiti cha magurudumu. Ndiyo maana tunataka vijana wetu wasomee mambo haya, hasa wale wenye ulemavu wenyewe na ndugu zao. Hao wanajua ni swali gani halijaulizwa.

Mahali pa kusomea

Ualimu: Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), iliyoko Kasarani, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1986 kufundisha walimu wa watoto wenye ulemavu. Vyuo Vikuu vya Kenyatta na Maseno hutoa shahada ya elimu maalum.

Tiba: Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC) hufundisha kunyoosha viungo, yaani fiziotherapia. Pia hufundisha kumsaidia mgonjwa aweze kula na kuvaa mwenyewe, na kutengeneza miguu ya bandia.

Lugha ya ishara: Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya mwaka 1991. Katiba ya 2010 imeifanya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge. Lakini kule kwetu mama kiziwi akienda kliniki, mara nyingi mkalimani wake ni mtoto wake mdogo. Hapo pana kazi inayongoja mtu.

Karo je?

Kijana mwenye ulemavu apimwe kwanza katika hospitali ya serikali, kisha ajiandikishe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Akishaandikishwa anaweza kuomba msaada wa karo. Asingoje mpaka barua ya chuo ifike ndipo aanze kutafuta makaratasi.

Mtafiti akibisha hodi

Mkaribishe, lakini muulize. Je, ana kibali cha NACOSTI, tume inayosimamia utafiti nchini? Majibu yetu yatatumiwa wapi? Atarudi lini kutuambia alichopata? Unayo haki ya kukataa, na picha ya mtoto wako haipigwi bila ruhusa yako.

Basi, jumuiya ndogo ndogo zikikutana, kila moja ijiulize: tuna kijana gani amemaliza kidato cha nne na ana moyo wa kazi hii? Mwandikeni jina, mkalete ofisi ya parokia, tukae naye na wazazi wake. Harambee za arusi tunaziweza. Hata hii ya kumsomesha mmoja wetu tutaiweza.