Windows 10 Imestaafu: Mashine Yako ya Kazi Uihamishe ama Uiache?

Asubuhi moja tulipita kwa saiba ndogo karibu na Olympic, Kibera. Kompyuta nne, printa moja, na kaunta ya kupokea malipo ya simu. Foleni ilikuwa imeanza: mzee wa kufaili ritani ya KRA, binti wa fomu ya HELB, na mama wa kupiga chapa barua ya shule. Kwenye skrini ya kila mashine kulikuwa na ujumbe mmoja, kwamba Windows 10 imefika mwisho.

"Hiyo kitu hunitokea kila asubuhi," mwenye saiba akatuambia. "Mimi hubonyeza X naendelea na kazi."

Siku hiyo fundi wake alikuwa amekuja na mpango. "Mathe, hizi zote zinataka Windows 11. Nipatie elfu mbili kila moja, jioni utazikuta tayari."

"Hiyo ni elfu nane, kijana wangu. Na zikikataa?"

"Zikikataa tutazilazimisha."

Elfu nane. Hiyo ndiyo pesa aliyokuwa ameweka kando ya karo ya mtoto. Akatugeukia sisi: "Nyinyi watu wa malipo, niambieni ukweli. Ni lazima?"

Jibu la haraka halikuwepo. Tulikaa chini tukaangalia mashine moja baada ya nyingine. Tunaandika tuliyojifunza kwa sababu tunajua wateja wetu wengi, kuanzia Kibera hadi Kawangware, wako kwa njia panda hiyo hiyo.

Kwanza, ni nini kimeisha?

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuipa apdeti za usalama za bure. Mashine haijazimwa. Itawaka, itachapisha, itafungua iTax na eCitizen kama kawaida. Shida ni kwamba tundu jipya likigunduliwa ndani yake, hakuna mtu wa kuja kuliziba. Ni kama nyumba ambayo landilodi amesema hatarekebisha kufuli tena. Unaweza kuendelea kulala humo, lakini mlango ukiharibika, shauri yako.

Kwani hiyo ni hatari kweli? Kumbuka Mei 2017. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza, vikidai malipo ndipo mafaili yafunguliwe. Dawa ya lile tundu ilikuwa imetolewa Machi, miezi miwili kabla. Zilizoumia zaidi ni mashine ambazo hazikuwa zimepata apdeti hiyo.

Kuna pia shida ya polepole. Waliobaki na Windows 7 wanaijua vizuri: mapema 2023 Chrome iliacha kuwaletea matoleo mapya. Windows 10 haijafika hapo, lakini inaelekea huko.

Swali la maana: hii mashine inashika nini?

Watu wengi huanza na swali la kama mashine ni nzee. Sisi tunapendekeza uanze na kilicho ndani yake. Kwenye ile saiba ya Olympic tulikuta mashine moja ndiyo iliyokuwa ikitumika kuangalia malipo ya tili, na paswadi ilikuwa imehifadhiwa kwenye brauza. Mashine hiyo hiyo wateja walikuwa wakichomeka flashi zao. Kwenye deskitopu kulikuwa na folda ya nakala za vitambulisho na PIN za KRA za watu wa mtaa.

Hapo ndipo pa kuogopa. Mtu akiingia kwenye mashine hiyo, hachukui pesa zako pekee. Anachukua majina, namba za vitambulisho na PIN za majirani waliokuamini. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, hata kama ofisi yake ni ya mabati.

Kwa hivyo panga mashine zako mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zinazoshika pesa na siri. Hizo zisikae bila apdeti. La pili ni zinazoingia mtandaoni kwa kazi za kawaida. La tatu ni zile za kupiga chapa, kuskani na kutoa kopi, ambazo zinaweza kuishi bila intaneti kabisa.

Je, yako inaweza kuingia Windows 11?

Kama mashine ina Windows 10 halali na imefikia masharti, kuhama ni bure. Fundi akikutoza, anakutoza kazi ya mikono yake na muda wake. Windows yenyewe hauzi.

Masharti makubwa ni RAM ya GB 4 kwenda juu, nafasi ya GB 64, Secure Boot, na TPM 2.0, yaani kachipu kanachotunza funguo za siri ndani ya mashine. Hiyo TPM wakati mwingine iko lakini imezimwa kwenye BIOS, basi mwambie fundi aangalie kabla ya kukata tamaa. Microsoft pia ina programu ya bure, PC Health Check, inayokuambia kama mashine imepita au imeanguka.

Sharti linaloangusha wengi mtaani ni prosesa. Kwa Intel Core, kwa ujumla wanataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome namba baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6, haipiti. i5-8250U ni cha 8, inapita. Neno "i5" peke yake halikuambii kitu, hata muuzaji akilisema kwa sauti kubwa namna gani.

Kule Kawangware, upande wa Gatina, tulikutana na mweka hazina wa chama cha akina mama. Laptopu yake ni ThinkPad T460 ya ex-UK, safi kabisa, betri bado inashika. Aliponunua aliambiwa, "Hii ni i5 madam, itakaa miaka." Itakaa kweli, lakini prosesa yake ni kizazi cha 6. Rekodi zote za chama ziko humo: nani ametoa, nani anadaiwa, nani anapokea mwezi ujao.

"Nikiambia wanachama pesa ya mkopo tununue kompyuta mpya, watanifukuza," alisema. Wenzake walicheka, yeye hakucheka.

Njia nne zilizopo

Ya kwanza, kuhamia Windows 11 kama mashine imepita. Ndiyo rahisi zaidi.

Ya pili, kujisajili kwa apdeti za muda wa ziada. Kwa kompyuta ya mtu binafsi, Microsoft inatoa apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, kama shilingi 3,900, au upate bure kwa kuhifadhi mipangilio ya mashine yako kwenye akaunti yako ya Microsoft. Lazima uwe na toleo la 22H2: bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika winver, utaliona. Mpango wa biashara ni tofauti, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka.

Ya tatu, kuweka Linux, kama vile Linux Mint 22 au Ubuntu 24.04. Ni za bure, zinapata apdeti mpaka 2029, na zinakubali mashine ambazo Windows 11 imezikataa. iTax, HELB na eCitizen hufunguka kwenye brauza, kwa hivyo kazi nyingi za saiba hazibadiliki. Lakini jaribu kwanza. Linux huweza kuwashwa kutoka kwa flashi bila kufuta kitu. Chomeka printa, jaribu skana, fungua zile fomu za Excel ambazo wateja wako huleta. Kitu kikikataa, zima, toa flashi, na Windows yako iko pale pale.

Ya nne, kubadilisha mashine. Ukifika hapo, nenda dukani na namba ya kizazi kichwani. Na uwashe mashine usome mwenyewe, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa imetoka na prosesa tofauti tofauti.

Ile njia ya "kulazimisha" je? Ipo, na mafundi wengi wanaijua. Windows 11 huingia kwenye mashine isiyofikia masharti, lakini Microsoft inasema mashine hiyo haina haki ya kupata apdeti. Unaweza kulipa elfu mbili ukarudi ulikotoka. Na fundi akianza kwa kuzima antivairasi ili aweke programu ya "kuaktiveti" Windows bila leseni, msimamishe. Programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi vya kuiba paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza.

Ukiamua kuhama, usihame vibaya

Toa nakala ya mafaili yote kwanza, uiweke kwenye diski ya nje, na uhakikishe inafunguka. Usijaribu wiki ya mwisho ya Juni, wakati mtaa mzima unafaili ritani. Hakikisha tokeni za stima zipo. Laptopu iwe kwenye chaja na betri imejaa, manake stima ikipotea katikati ya kazi, unaweza kubaki na mashine isiyowaka.

Kuhusu bando: faili ya Windows 11 ni GB 5 na zaidi. Usiipakue kwenye kila mashine. Ipakue mara moja kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, iweke kwenye flashi ya GB 8, kisha utumie flashi hiyo hiyo kwa zote.

Waliamua nini?

Pale Olympic, mashine moja tu kati ya nne ilipita, laptopu ya kizazi cha 8. Hiyo ikahamia Windows 11 na ikapewa kazi moja: malipo na rekodi. Hakuna flashi ya mteja inayoingia hapo tena. Kompyuta mbili za wateja zikawekwa Linux Mint baada ya majaribio ya siku mbili. Ya nne skana yake ilikataa Linux, basi ikabaki na Windows 10, waya wa intaneti ukatolewa, ikawa ya kuskani na kutoa kopi. Fundi alilipwa shilingi 3,000 kwa kazi aliyofanya kweli. Elfu tano zikaenda shule.

"Kuna mteja aliniuliza mbona sura ya kompyuta imebadilika," mwenye saiba alituambia baadaye. "Nikamwambia ni rangi tu tumepaka."

Mweka hazina wa Kawangware alijisajili apdeti za ziada kwa njia ya bure. Tarehe ya mwisho ameiandika kwa daftari la chama, na wanachama walikubali kuchanga kidogo kila mkutano ili ikifika wawe na pesa ya laptopu nyingine. Mara hii atasoma namba mwenyewe.

Kwa hivyo, ni lazima? Kwa mashine inayoshika pesa na siri za watu, ndiyo, ni lazima ufanye kitu. Kitu chenyewe kinategemea mashine na mfuko wako. Kwa ile ya kutoa kopi kwenye kona, toa waya uiache ifanye kazi.

Na la mwisho, kwa sababu wakati kama huu matapeli huwa macho: mtu akikupigia akisema kompyuta yako imeisha muda na anataka kukusaidia, kata simu. Ujumbe ukijaza skrini na namba ya kupiga, usipige. Sisi hatutakuuliza PIN yako hata siku moja, iwe ni kwa sababu ya apdeti au sababu nyingine yoyote. Akiiuliza mtu, jua si sisi.