Asilimia nne za Garissa: hatimiliki au barua ya mgao?

Tuseme umepata nyumba ya shilingi milioni 4 ndani ya Manispaa ya Garissa, na ina hatimiliki. Mmeshapatana na mwenyewe, dalali amechukua chake. Bado unadaiwa na serikali shilingi 160,000 kabla jina lako halijaingia kwenye sajili. Huo ndio ushuru wa stempu: asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani, na mlipaji ni mnunuzi. Nyumba ya thamani hiyo ingekuwa Dodoma, ungelipa 40,000, kwa kuwa Tanzania hutoza asilimia 1. Kampala ungelipa 60,000, maana Uganda ni asilimia 1.5. Kenya ndiyo ghali, na anayeumia zaidi ni yule anayenunua kwa pesa taslimu za ngamia waliouzwa na michango ya ndugu, kwa sababu ushuru huu haulipwi kwa awamu.

Ndiyo maana wengi Garissa hununua kwa barua ya mgao. Karatasi yenyewe mara nyingi imechakaa kwenye mikunjo: nembo ya halmashauri iliyokwisha vunjwa, namba ya ploti, sahihi ya karani, kisha makubaliano ya kuuziana yaliyoambatishwa, yenye dole gumba na majina ya wazee walioshuhudia. Bei yake ni nafuu kuliko ya ploti yenye hatimiliki, na kwa kawaida hakuna anayekuuliza habari za stempu. Ukiangalia siku ya kununua tu, barua inashinda.

Lakini Septemba 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises, ilisema wazi kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu miliki ya ardhi. Ni ahadi inayosubiri masharti yake yatimizwe. Aliyekuuzia barua amekuuzia nafasi yake kwenye foleni. Upimaji, malipo ya ardhi na usajili vinakungoja wewe. Ongeza hapo Sheria ya Ushuru wa Stempu yenyewe: mkataba unaopaswa kupigwa stempu na haukupigwa haupokelewi kuwa ushahidi katika kesi ya madai. Siku mtu wa pili atakapotokea na barua ya ploti ile ile, mkataba wako unaweza kukataliwa mahakamani kwa sababu ya ushuru uliouepuka.

Hata hatimiliki si ya kuaminiwa kwa macho. Aprili mwaka huo huo, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, mahakama hiyo ilimnyima ulinzi mnunuzi aliyekuwa na hati mkononi, kwa kuwa ardhi hiyo ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hiyo tafuta historia ya ploti nyuma mpaka kwa mgawiwa wa kwanza, na umlipe wakili wako mwenyewe badala ya kuchangia na muuzaji.

Kuna wanaofikiri suluhisho ni kutoka nje ya mji, kwenye asilimia 2. Kwenye karatasi, milioni 4 zinatozwa 80,000 tu. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa, Wajir na Mandera nje ya miji ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza kaunti kuuza ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, na ile iliyosajiliwa haiondoki mikononi mwa jamii mpaka theluthi mbili ya wanajamii wazima waliosajiliwa wakubali. Mzee mmoja, hata awe na heshima kiasi gani, hawezi kukuuzia malisho. Huko usinunue.

Kisha kuna ule ushauri wa pembeni: andikeni bei ndogo. Kwanza, mthamini wa serikali akiona thamani iko juu ya bei mliyoandika, utatozwa kwa thamani yake. Pili, ukifanikiwa kuandika milioni 3 badala ya 4, unaokoa 40,000 leo. Ukija kuuza kwa milioni 6, faida yako kwa Mamlaka ya Mapato (KRA) itaonekana milioni 3 badala ya 2, na kodi ya faida ya mauzo, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mwanzoni mwa 2023, itakuwa 450,000 badala ya 300,000. Umepoteza 150,000 kwa kuokoa 40,000. Risiti ya stempu nayo itunze, kwa kuwa huhesabiwa kama gharama ya kununua na kupunguza faida inayotozwa.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba mtu binafsi anayeuza ardhi kwa bei isiyozidi milioni 3 hadaiwi kodi hiyo ya faida. Muuzaji wa ploti ya milioni 2 akikuongezea bei kwa kisingizio cha “asilimia kumi na tano ya KRA”, mkatalie. Aliyeishi kwenye nyumba yake miaka mitatu pia amesamehewa akiiuza.

Siasa nazo zimeegemea upande mmoja. Mwaka 2018, mbunge wa Garissa Mjini Aden Duale akiwa kiongozi wa walio wengi bungeni, anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu alisamehewa ushuru wa stempu. Tangu Machi 2024, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu inamkata kila mwenye mshahara asilimia 1.5. Mwalimu wa Dadaab anachangia, muuguzi wa Garissa anachangia. Ila mtu wa hapa kwetu huanza na ploti, akajenga vyumba viwili, akaongeza kadiri Mungu alivyomjalia. Huyo ni mnunuzi wa mara ya kwanza vilevile, na hapati msamaha wowote. Mimi naona msamaha huo ungepaswa kumfuata mtu, si jengo la mpango: ploti ya kwanza ya kuishi, hadi kiwango fulani cha bei, isitozwe stempu. Serikali ingepoteza kidogo na kupata watu wengi zaidi ndani ya sajili.

Wapo wanaotaka ushuru huu ufutwe kabisa. Uingereza, kiongozi wa Conservative Kemi Badenoch aliahidi hivyo Oktoba 2025 kwa nyumba ambayo mtu anaishi. Canberra, Australia, walichagua njia ya polepole mwaka 2012: kuipunguza stempu kwa miaka ishirini huku kodi ya ardhi ya kila mwaka ikipanda. Njia hiyo ina uzito wake Kenya, kwa kuwa stempu huenda kwa serikali kuu ilhali Katiba imeipa kaunti kodi ya ardhi. Pesa zingebaki Garissa. Lakini anayeishi kwa mifugo angedaiwa kila mwaka, hata mwaka wa ukame, kwa hiyo bila kinga ya ukame siungi mkono.

Kwa anayekwepa riba, ulizo moja la mwisho liende benki, kwa maandishi. Benki za Kiislamu zipo Kenya tangu 2008. Katika murabaha benki hununua kisha inakuuzia. Hati ikihamishwa mara mbili, swali la stempu mbili linazuka, na kwa nyumba yetu ya milioni 4 hiyo ni 160,000 nyingine. Uingereza ililiondoa tatizo hilo kisheria mwaka 2003. Hapa, waulize kama hati itapitia jina la benki au itaandikwa jina lako moja kwa moja na benki ishike dhamana, ambayo stempu yake ni asilimia 0.1 tu ya kiasi ulichofadhiliwa. Jibu lao liwe mkononi mwako kabla hujatia sahihi, maana ukishatia, una siku 30 za kulipa.