Bamvua si Mchezo: Kuwatembeza Watoto Pwani Likizo ya Aprili

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wenzetu wa shule za bweni wakifunga shule mwezi wa Aprili hulala mpaka jua liwachome. Sisi wa shule ya kutwa tunajua kwamba likizo ina kazi yake, nayo ni ulezi. Baba hufanya kazi ya zamu bandarini, mama huuza viazi karai na bajia, nami ndimi kifungua mimba. Kwa hivyo ndugu zangu wawili, msichana wa miaka 7 na mvulana wa miaka 4, huwa mikononi mwangu tangu asubuhi hadi alasiri.

Aprili ni mwezi wa kugeuka kwa pepo. Kaskazi huisha, kusi huanza kuvuma, na masika huingia. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, watoto waliofungiwa chumbani hugombana hata kwa kifuniko cha chupa. Kwa hivyo ikianuka tu, sharti watolewe nje. Na kwa sisi wa Kisauni, mahali pa karibu pasipodai kiingilio ni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza jambo moja ambalo wengi wetu, ingawa tumezaliwa pwani, hatulijui vizuri: saa za maji. Mimi mwenyewe nilidhani nalijua, kumbe wapi!

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 ndizo zinazofanya maji ya leo yachelewe kuliko ya jana. Anayeyavuta ni mwezi, na jua humsaidia. Mwezi unapoandama, na pia unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Hapo huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja huvuta upande wake, nasi hupata maji mafu. Hapa Mombasa, siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu huwa kama mita 1 tu.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili: kwetu, maji ya bamvua hupwa asubuhi, yapata saa nne hadi saa tano. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, hupwa jioni. Basi anayetazama mwezi usiku anaweza kukisia saa za maji ya kesho bila kuuliza mtu.

Asubuhi ya bamvua ndiyo yenye raha kwa watoto. Maji hurudi mbali, mwamba huwa wazi, na vidimbwi hubaki vimejaa maajabu: kaa wadogo, jongoo bahari, kiti cha pweza, na samaki wenye rangi kama za leso. Ndugu yangu mdogo alijifunza kuhesabu hadi kumi kwa kuhesabu kaa. Lakini ni kutazama tu. Sehemu ya bahari hii ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986, na hairuhusiwi kuokota makombe wala viumbe humo.

Sasa nisikilizeni. Aprili iliyopita, siku ya pili baada ya mwezi kuandama, nilimwaga babu nikamwambia twaenda pwani. Babu alivua samaki miaka mingi. Akanijibu, "Maji leo yapwa saa nne unusu. Ikifika saa tano unusu, uwe umesimama mchanga mkavu na hao watoto." Nikaitikia, "Ndiyo babu," kama mtu aliyesikia.

Tulivuka kijito cha bahari maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, tukapanda fungu la mchanga. Watoto wakachimba visima, wakajenga nyumba, wakafukuza kaa. Saa tano unusu ilipofika nilitazama maji nikaona hayajasogea sana. Nikasema moyoni, babu amezeeka, ana woga. Tukakaa.

Kosa langu lilikuwa hapo. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Yagawe mafungu 12 kwa saa sita za kujaa. Saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3, saa ile ya kwanza ni robo mita tu. Hiyo ndiyo inayokudanganya! Saa ya pili ni nusu mita, na ya tatu ni robo tatu ya mita.

Tulipogeuka kuondoka ilikuwa saa saba kasorobo. Kile kijito kilikuwa kimekwisha kuwa mto. Maji hujaza mabonde kwanza, kwa hivyo fungu letu lilikuwa kavu bado huku nyuma yetu tumezingirwa. Nilimbeba mdogo mabegani na kumshika dada yake mkono. Maji yakanifika kiunoni, na dada shingoni. Akaanza kulia, "Kaka, usiniachilie!" Miguu yangu ilitetemeka, si kwa baridi. Mvuvi mmoja aliyekuwa akisukuma ngalawa yake akatupigia kelele, "Pitieni huku juu! Huko mbele pana shimo!" Tukafuata mkono wake, tukatoka. Yule mvuvi hakutugombeza. Alitutazama tu, na hilo lilinichoma zaidi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi karibu nivunje guu la wenzangu.

Basi mkiwapeleka wadogo zenu pwani, fanyeni hivi. Kwanza, ulizeni saa ya kupwa kabla ya kutoka nyumbani. Pili, nendeni maji yakiwa bado yanarudi, na mgeuke mara yakipwa kabisa. Msingoje myaone yakija. Tatu, kila mtoto asiyejua kuogelea awe na mkubwa wake. Mimi mmoja kwa watoto wawili ni hesabu mbaya. Nne, kukiwa na mawingu mazito au kusi kali, rudini.

Siku kama hizo pana matembezi mengine. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina kuta ambazo watoto hawachoki kuziuliza maswali. Haller Park ya Bamburi ilikuwa machimbo matupu mpaka mivinje ilipoanza kupandwa mwaka 1971. Leo ni msitu wenye kobe wakubwa na twiga.

Mama hajui habari hii mpaka leo. Atakaposoma gazeti hili la chama chetu, atajua. Babu yeye alijua siku ile ile, alipoona shati langu limelowa hadi kifuani. Aliuliza neno moja tu: "Saa ngapi?"