Kilo za Mwili na Upasuaji wa Shingo

Mtu mwenye kilo 90 na urefu wa sentimita 165 huhesabiwa na madaktari kuwa na unene uliopitiliza: uwiano wake wa uzito na mraba wa urefu kwa mita (BMI) ni 33, na mpaka ni 30. Akiambiwa diski ya shingo imechomoza na kubana neva, swali lake la kwanza huwa moja: je, kwa mwili huu nitapona?

Atapona, kwa kawaida. Ila njia yake ina mashimo zaidi.

Miaka ya 1950, Robert Robinson na George Smith wa Baltimore, na Ralph Cloward wa Honolulu, waliwaonyesha wapasuaji wenzao kuwa diski ya shingo inaweza kufikiwa kwa mbele, kando ya koromeo. Kwa mtu mnene hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mbele, misuli husogezwa pembeni tu. Kwa nyuma, kisu hupita kwenye mafuta ya kisogo, kisha misuli hubanduliwa kwenye mfupa. Mafuta hayana damu nyingi, hivyo oksijeni na dawa hufika kidogo, majimaji hutuama, na kidonda huota usaha kwa urahisi. Kisukari kikiongezeka hapo, hatari inapanda.

Hata njia ya mbele ina usumbufu wake. Kwenye eksirei ya ubavuni, mabega manene huziba pingili ya sita na ya saba, zile za chini kabisa shingoni. Ndiyo maana kabla ya kisu mabega huvutwa chini kwa plasta pana zinazobandikwa hadi mwisho wa kitanda. Yakivutwa kupita kiasi, neva za mkono huumia.

Na maumivu? Watafiti wengi hutumia dodoso la Howard Vernon wa Kanada, lililochapishwa mwaka 1991: maswali 10, jumla ya alama 50, na alama nyingi maana yake ni hali mbaya. Chukua mfano: mnene anashuka kutoka 30 hadi 18, mwembamba kutoka 24 hadi 12. Wote wamepata nafuu ya alama 12, ingawa wa kwanza bado anaumia zaidi. Tafiti kadhaa zimeonyesha sura kama hiyo, japo si zote zinakubaliana. Anayemtazama mgonjwa siku ya mwisho tu atadhani upasuaji umeshindwa.

Jambo linalosahaulika ni kukoroma. Wanene wengi hukatika pumzi usingizini, na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hupunguza pumzi hiyohiyo. Mke au mume anayelala naye ndiye shahidi bora, na daktari anayetoa dawa ya usingizi anahitaji kumsikia.

Kujinyima chakula ghafla kabla ya upasuaji si dawa; kidonda kinahitaji protini, na mwembamba mwenye utapiamlo naye huchelewa kupona. Kuacha sigara kuna faida ya haraka zaidi, kwa kuwa moshi huchelewesha mifupa ya shingo kuungana baada ya upasuaji.

Kama hali inaruhusu, kilo zipunguzwe taratibu kwanza. Lakini ambaye ugwe mgongo wake umebanwa, akawa anayumba akitembea na kushindwa kufunga vifungo vya shati, hana miezi ya kusubiri: udhaifu huo unaweza kubaki wa kudumu. Huyo hupasuliwa na kilo zake, na habari ya uzito huzungumzwa baadaye, akiwa ameshaanza mazoezi ya viungo.