Paka Aliyehasiwa Anaponyunyiza Mkojo Ndani ya Nyumba

Paka anayenyunyiza mkojo ukutani huwa hajabanwa na haja, bali anaweka alama. Hugeuzia ukuta, pazia au mguu wa kiti mgongo, husimama mkia ukiwa wima na ncha yake ikitetemeka, hukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma, kisha hurusha mkojo kidogo unaotua kwenye usawa wa pua ya paka mwingine. Anayekojoa kwa haja ya kawaida huchuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni, kitandani au kwenye zulia. Tofauti hii ndiyo ya kwanza kutazamwa, maana paka anayechuchumaa nje ya beseni lake la mchanga mara nyingi ni mgonjwa, au amelichukia beseni lenyewe, na tatizo lake hutatuliwa kwa njia nyingine.

Kuhasi hupunguza sana tabia hii bila kuing'oa kabisa. Dume mzima akihasiwa, takriban mara 9 katika 10 huacha au hupunguza kunyunyiza, wengine baada ya siku chache, wengine baada ya miezi. Hata waliohasiwa wakiwa wadogo hawasalimiki wote: utafiti wa Hart na Cooper uliochapishwa Marekani mwaka 1984 ulikuta kwamba kiasi cha asilimia 10 ya madume na asilimia 5 ya majike waliohasiwa kabla ya kubalehe walinyunyiza walipokua. Upasuaji huondoa homoni za uzazi, na harufu kali ya mkojo wa dume hupungua pamoja nazo. Lakini haja ya kulinda himaya imo katika ubongo wa paka, na haikatwi kwa kisu. Paka aliyehasiwa hunyunyiza hasa anapohisi kwamba makao yake hayako salama.

Kabla ya kuchunguza nyumba, paka apimwe na daktari wa mifugo, na mkojo wake upimwe pia. Kuvimba kwa kibofu, mawe na ugonjwa wa figo huweza kujificha nyuma ya tabia inayoonekana kuwa ya ukaidi. Mara chache, korodani moja ilibaki tumboni au kipande cha ovari kilisahaulika wakati wa upasuaji. Kwa dume, daktari huangalia miiba midogo ya uume: hutoweka wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, na ikiwa bado ipo, homoni zingali zinatoka mahali fulani. Dume anayejikamua tena na tena bila kutoa tone asisubiri kesho. Mrija wake huenda umeziba, na kuziba huko huua ndani ya siku chache.

Afya ikiwa njema, mahali penye alama ndipo panaposema kisa. Alama zikiwa chini ya madirisha, kwenye mapazia na kando ya mlango wa nje, mhusika kwa kawaida ni paka wa nje. Hiki ndicho chanzo cha kawaida katika miji ya pwani, ambako paka shume hupita barazani usiku na madirisha yana wavu wa mbu tu: wavu huzuia mwili, lakini sauti, harufu na sura ya mgeni huingia zote. Alama za kwenye korido, ngazi na milango ya vyumbani huelekeza kwenye ugomvi kati ya paka wa nyumba ileile, hata kama hawapigani. Paka mmoja akiketi mlangoni na kumkazia macho mwenzake anayetaka kupita, huo tayari ni ugomvi. Alama zikiwa kwenye viatu, mabegi ya wageni, kitanda cha mtoto mchanga au samani mpya, kilichomtia wasiwasi ni harufu ngeni.

Kwa paka wa nje, hatua ya kwanza ni kumwondolea sababu ya kuja. Mabaki ya samaki na bakuli la chakula yasiachwe barazani, pipa la taka lifunikwe, na sehemu ya chini ya dirisha izibwe kwa karatasi au pazia zito ili paka wa ndani asimwone. Kuta za nje alizonyunyizia mgeni nazo zioshwe. Paka huyo akihasiwa, majirani wote hupata nafuu, naye mwenyewe hupunguza kupigana na kujeruhiwa.

Kwa paka wanaoishi pamoja, dawa ni wingi na mtawanyiko. Mabeseni ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja, yawekwe sehemu mbalimbali na kusafishwa kila siku. Mabakuli ya chakula na maji yatenganishwe, na kila paka awe na mahali pa juu pa kupumzikia, kama vile juu ya kabati.

Kusafisha kunahitaji uangalifu. Dawa zenye amonia hunuka kama mkojo na humwita paka arudie, na zile za klorini zikikutana na mkojo hutoa hewa inayodhuru mapafu. Kinachofaa ni sabuni ya unga yenye vimeng'enya katika maji ya vuguvugu, kisha kusuuza, kukausha, na kupangusa kwa spiriti, baada ya kujaribu kwanza kwenye kipande kidogo kisichoonekana. Pakishakauka, bakuli la chakula au kitanda cha paka huwekwa papo hapo, kwani kwa kawaida paka hapendi kutia alama mahali anapokula na kulala.

Kumpiga, kumfokea au kumsugua pua kwenye alama ni ukatili usio na faida. Paka hajifunzi kuacha. Huongezewa hofu ileile inayomfanya anyunyize, na huanza kumkimbia mwenye nyumba.

Hatua hizi zisipotosha, vipo vifaa vya kuchomeka kwenye umeme vinavyotoa nakala ya harufu ambayo paka huacha anaposugua mashavu yake, navyo huwasaidia baadhi ya paka. Daktari pia anaweza kuandika fluoksetini au klomipramini, dawa za kutuliza wasiwasi zinazohitaji wiki kadhaa ili zionyeshe nguvu. Kipimo hupangwa na daktari pekee, na dawa za watu zilizomo kabatini hazifai kujaribiwa: paracetamol kidogo tu huweza kumuua paka. Alama zikikoma, dawa hupunguzwa polepole chini ya uangalizi wa daktari huku mabadiliko yaliyofanywa nyumbani yakiendelea, kwani baadhi ya paka hurudia kunyunyiza ikiwa dawa itakatizwa ghafla.